Laini, Lakini Isiteleze

Kabla sijafika kwa sakafu, kuna habari ya kifungo ambayo imekaa kichwani mwangu tangu utoto, na sioni pahali pengine pa kuiweka ila hapa.

Baba alikuwa amepata kitambaa cha kaki, akanipeleka kwa fundi cherehani aliyekaa kwa veranda ya duka sokoni Nkubu. Hiyo ndiyo ilikuwa suruali yangu ya kwanza. Fundi alinipima kwa uzi, akafunga fundo mahali pa kiuno na fundo mahali pa goti. Siku tuliyorudi kuichukua, kilikuwa kimebaki kifungo kimoja tu, cha kiunoni. Fundi akafungua kopo la peremende, akamwaga vifungo mezani.

"Chagua," akasema.

Mimi sikuwa nimewahi kuambiwa hilo neno. Chakula nyumbani hakikuchaguliwa, mbuzi wa kuchunga hawakuchaguliwa, hata kulala ulilala pale ulipoonyeshwa. Nilisimama pale mpaka fundi akamaliza kushona mkono mzima wa shati la mtu mwingine. Mwishowe nikachukua kimoja chekundu, kikubwa, kinachong'aa. Fundi akamwangalia baba, baba akaangalia barabara. Kikashonwa. Kumbe kilikuwa kifungo cha koti la mwanamke, na tundu lilikuwa la suruali ya mtoto. Kiliingia kwa nguvu mara moja, mara ya pili kikakataa. Nilitembea kutoka Nkubu mpaka kwetu nimeshika suruali kwa mkono. Tulipovuka mto baba akaniambia, "Ulichagua na macho. Kwani suruali inashikwa na macho?"

Basi baada ya hapo nikaacha mambo ya kuchagua. Hata mke, nikisema ukweli, ni yeye alinichagua. Alinikuta kwa foleni ya kupima kahawa, akaniuliza kama ile gunia nimeibeba peke yangu, nikasema ndiyo, na ilikuwa uongo, ndugu yangu alikuwa ameibeba nusu ya njia. Amekaa na huo uongo miaka hii yote na hajalalamika sana.

Na nyumba ya mawe nilipoijenga hapa Mitunguu, fundi hakuniuliza nataka sakafu gani. Wakati huo sakafu ya mtu aliyejaribu maisha ilikuwa moja tu, nyekundu. Unga mwekundu unachanganywa na simiti, unanyunyizwa juu ya zege ikiwa bado mbichi, fundi anasugua na mwiko wa chuma mpaka anachoka. Halafu mwenye nyumba, maana yake mama wa nyumba, anachukua mafuta ya sakafu na kitambaa kizee, anapiga magoti kila Jumamosi. Mke wangu aliipiga magoti ile sakafu mpaka mgeni akiingia anaona meno yake mwenyewe. Kuna pasta mmoja alivua viatu mlangoni, akaingia na soksi, akafika kwa kiti kabla ya wakati wake. Tulicheka sana, na pasta alicheka, ingawa kidogo.

Siku nyingine haikuwa ya kucheka. Nilikuwa shambani nikigeuza maji kwa migomba, nikakumbuka simu. Nikaingia na gamboti zangu, vile viatu vya mpira, mpaka sebuleni, nikaitoa kwa chaja, nikatoka. Maji yakabaki nyuma yangu, nyayo kwa nyayo. Mke wangu akatoka jikoni na sufuria ya uji. Mimi nilisikia sufuria tu. Nilidhani ni paka.

Wakamtia chuma kwa nyonga huko hospitalini, na alipotoka hakurudi nyumbani. Binti yetu ni mwalimu huko Kaaga, akamchukua. Mwezi wa kwanza tulisema ni kwa sababu ya kliniki. Mwezi wa tatu kliniki ikaisha na yeye bado yuko Kaaga. Nilipoenda kumuuliza, alikuwa ameketi kwa baraza akichambua maharagwe, na ile fimbo yake yenye mpira chini imelala magotini.

"Mama watoto, unarudi lini?"

"Ile sakafu iko?"

"Sakafu itaenda wapi?"

"Basi mimi niko hapa."

Nikamwambia nitaweka zulia. Akasema zulia ni kitu cha kukwaa, daktari mwenyewe amekataza. Nikamwambia basi tutaikwaruza sakafu, iwe na meno. Hapo akaacha maharagwe.

"Nisikilize, mzee. Nimelala kwa udongo, nimepaka mavi ya ng'ombe kwa sakafu ya mama yako na mikono yangu. Nyumba ya mawe niliingojea. Sasa unataka unirudishe kwa zizi? Nataka sakafu ya watu. Ioshwe, ipendeze, na isiniangushe. Ukiipata, uniite."

Binti yetu alikuwa pale akisahihisha vitabu. Hakuinua kichwa, lakini alisema, "Mama, si nilikwambia kile chumba ni chako? Nimeshaagiza kitanda cha chini." Alisema vizuri, kwa upendo, na mimi nikasikia baridi. Kitanda kikinunuliwa mtu amehama.

Hivyo ndivyo nilianza kutafuta sakafu. Na sitadanganya, nilianza kwa woga lakini baadaye niliona utamu wake. Mtu anatembea juu ya kitu maisha yake yote na hajawahi kukiuliza chochote. Nilibeba chupa ya maji mfukoni. Nikifika pahali, navua kiatu kimoja, namwaga maji kidogo, nakanyaga, nasukuma mguu mbele. Naangalia kama unaenda.

Kwa benki moja mjini Meru askari alinijia polepole.

"Mzee, umepotea?"

"Hapana. Naangalia sakafu."

"Sakafu imefanya nini?"

"Bado sijajua."

Akaniomba nivae kiatu. Lakini nilikuwa nimeshajua, ile ya benki ni mawe ya kubandika, inateleza kama sabuni. Hospitalini ni terazo, vijiwe vidogo vya rangi vimesagwa pamoja na simiti, ni nzuri ikiwa kavu. Kwa kituo cha petroli wamepitisha ufagio juu ya zege ikiwa mbichi, ikabaki na mistari kama ya kichwa kilichochanwa. Hapo mguu haukuenda popote, lakini ngozi ya kisigino ilibaki. Nilienda mpaka Maua, pale wanapofunga miraa na majani ya ndizi, kwa sababu pale maji hayakauki mchana kutwa. Nikauliza mama mmoja aliyekuwa akifunga vibunda kama hawaanguki.

"Tunaanguka," akasema bila kuacha kazi. "Hapa mtu akimaliza siku bila kuanguka tunamuuliza kama ni mgonjwa."

Mwenzake akaongeza, "Mzee, kama unatafuta mke, huyu ameanguka mara nyingi, hana tena pa kuvunjika."

Nikawaambia niko na mmoja tayari na ndiye ananitembeza.

Fundi wa sakafu mpya nilimpata Embu. Nilikuwa nimeenda kwa mazungumzo ya mahari ya mtoto wa dada yangu, mambo yakachelewa, nikatoka kuzunguka mji. Kulikuwa na hoteli mpya ya chakula haijafunguliwa, mashine inasaga sakafu ndani, vumbi limejaa. Kwa pembe, mahali mashine haifiki, kulikuwa na mwanamume amepiga magoti anasugua kwa mkono na jiwe. Alikuwa mtu wa Mbeere, wa kule chini kwa joto, mwembamba, wa umri wa kati, kofia imegeuzwa nyuma. Sakafu ilikuwa ya kijivu na madoadoa, kama manyoya ya kanga. Nikavua kiatu.

Hakunikataza. Alinitazama nikimwaga maji, nikisukuma mguu, kisha akasema, "Hiyo bado haijapakwa dawa ya kung'arisha. Ikipakwa, mzee, usiilete hiyo chupa."

Nikakaa chini nikamweleza yote, hata gamboti. Mambo ya gamboti sikuwa nimeambia mtu. Nilizungumza Kiswahili kwa sababu sikujua atachukuliaje Kimeru changu, na yeye akajibu kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu hiyo hiyo. Chetu wote wawili kilikuwa cha kuokota njiani.

Akanifundisha jambo ambalo mafundi wote niliowauliza hawakunipa. Alisema watu wanadhani finishi ni kitu unaongeza juu. "Si kuongeza. Ni pahali unaachia." Zege ni ile ile. Ukisugua na ubao ukaachia hapo, inabaki na chengachenga, mguu unashika. Ukingoja maji yarudi ndani, upige mwiko wa chuma mara moja, inakuwa kama ngozi ya ndizi mbichi. Ukipiga mara ya pili na ya tatu, na umwage niru juu, ule uji wa simiti tupu, inakuwa kioo. "Watu wengi wanapita mahali pao," alisema. "Wanaogopa kuachia."

Nikaipenda hiyo. Nikamuuliza kama atakuja Mitunguu. Akaja baada ya wiki mbili na mfuko wa vyombo na blanketi, akalala kwa stoo ya ndizi.

Siku ya kwanza na ya pili alidonoa ile sakafu nyekundu kwa nyundo na patasi, nyumba nzima, ili mpya ipate pa kushika. Sijui kwa nini niliumia kuiona ikidonolewa, na ndiyo iliyomvunja mke wangu. Siku ya tatu akamwaga zege ya unene wa vidole vitatu na kuinyoosha. Hiyo ndiyo siku nilikuwa na safari ya Kaaga, kuambia mama watoto kwamba kazi imefika mwisho. Nilisimama mlangoni nikamwambia fundi, na haya maneno nayakumbuka kama yalivyotoka:

"Mimi nataka laini, lakini isiteleze."

Akanyanyua uso. "Laini?"

"Laini."

"Nyumba yote, ama jikoni tu?"

"Nyumba yote. Kila pahali atapita."

Akafikiria kidogo. "Ni sawa, mzee. Watu wa nyumba huwa hawapendi, lakini kwa mguu kama huo ni akili."

Nikaenda zangu nikiwa nimesifiwa.

Nilirudi jua likiwa linashuka. Alikuwa ameketi nje kwa debe anakunywa chai, amechoka, ameridhika. Nikachungulia dirishani. Sakafu yote ilikuwa imekatwa mistari. Mstari, shibiri moja, mstari, shibiri moja, kutoka mlangoni mpaka jikoni na kutoka ukuta mpaka ukuta, imenyooka kama imepigwa na rula. Kazi safi kabisa. Ilikuwa sakafu ya zizi la ng'ombe wa maziwa, ile ambayo afisa wa mifugo hufundisha watu, ng'ombe wasianguke wakati wa kukamuliwa.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Laini," akasema.

"Laini gani?"

"Laini, mzee. Si ulisema laini isiteleze? Hizo ndizo zinafanya isiteleze."

Sasa ndio nikaelewa, na nikatamani nisielewe. Sisi huku tukisema laini, mmoja anamaanisha kitu kilicho nyororo, mwingine anamaanisha mstari, kama laini ya kupanda mahindi, kama laini ya kitabu cha shule. Laini ya simu pia ni laini. Neno moja lina kazi nyingi kuliko mimi.

"Nilitaka nyororo," nikasema.

"Hiyo kwetu tunaita ya chuma. Ungesema unataka ya chuma."

"Mimi ndiye nijue majina ya kazi yako?"

"Na mimi nilikuuliza kama ni nyumba yote."

Kweli aliniuliza. Hapo ndipo nilikasirika zaidi, maana mtu akiwa na haki anachosha. Nikamwambia mke wangu alisema kwa mdomo wake hataki zizi. Nikamwambia binti ameshaagiza kitanda. Akazungusha kikombe, kisha akasema zege imeshakaza juu, ukiiziba leo itabanduka kama ukoko. "Wacha mwenye mguu akanyage kwanza. Maji nitamwagilia mimi siku saba. Akikataa, nitaziba, sitaki pesa zaidi."

Siku saba ni nyingi kwa watu wawili walionuniana. Alitandaza magunia na majani ya migomba juu ya sakafu, akamwagilia asubuhi na jioni, na mimi nililala jikoni ya nje. Tulisalimiana tu. Na kuna jambo nilifanya ambalo si zuri. Majirani walikuwa wakipita kuona, na kila aliyeuliza nilimwambia, "Muulize fundi wangu wa zizi." Wakacheka. Jirani mmoja akauliza ng'ombe wanahamia lini. Fundi alikuwa pale kwa mfereji anachota maji, hatua kumi hivi. Alisikia. Nilijua anasikia.

Jumamosi gari la binti likaingia. Mkoba wa mama watoto ulikuwa kiti cha nyuma na ukabaki hapo hapo, binti hakuugusa. Nilitaka kumweleza mke wangu kabla aone, nikaanza habari ya neno lina maana mbili, akanipita. Akasimama mlangoni. Fundi alikuwa ameshaondoa majani na kuosha, sakafu ilikuwa bado na unyevu, ya kijivu, na mistari yake yote inaonekana.

"Nani amefanya hii?" akauliza, na aliuliza kwa Kimeru.

Fundi akamjibu kwa Kimbeere. Akamweleza zege, akamweleza ubao na chuma, akamweleza laini. Na wakaelewana. Hapa na pale alirudia neno, lakini wakaelewana kabisa, na mimi nikiwa katikati nikikumbuka Kiswahili changu chote nilichommwagia yule mtu.

"Kwa hivyo mume wangu hakujua alichosema," akasema mke wangu.

"Alijua," fundi akasema. "Mimi ndio nilijua kingine."

Mke wangu akavua viatu. Binti akasema, "Mama, kumelowa, ngoja kukauke," akaambiwa, "Kukikauka nitajua nini?" Akaweka fimbo ndani kwanza. Ule mpira wa fimbo ukaenda kidogo, ukapata mstari, ukasimama. Akaleta mguu mzima. Akaleta ule mbaya, ambao siku hizi hauinuki vizuri, unakokoteka. Vidole vikagusa mstari vikapita. Mimi nilikuwa nimeshika mlango. Fundi alikuwa amechuchumaa ukutani, haangalii uso wa mama, anaangalia ule mguu tu, kama mtu anayesoma.

Alienda mpaka katikati ya sebule. Huko akasimama muda, nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa anasukuma kisigino mbele, kama mimi nilivyofanya kule benki. Hakikuenda. Akaendelea mpaka jikoni, tukasikia akifungua kabati, akifunga, akilalamika kwamba nani ameweka chumvi na majani ya chai pamoja.

Akarudi mlangoni kwa miguu yake.

"Ni mbaya," akasema. "Uchafu utakaa kwa hiyo mistari, na mimi siwezi kuinama kuutoa. Baba watoto utautoa wewe na mswaki. Jikoni iache hivyo hivyo. Kwa chumba cha kulala pia iache. Hapa sebuleni karibu na viti nataka izibwe, wageni wasidhani wanakuja kukamuliwa."

"Itazibwa," fundi akasema. "Jumatatu. Wacha ikauke ndani."

"Basi toa mkoba kwa gari," mke wangu akamwambia binti.

Binti alisimama kidogo na funguo mkononi. Akaniangalia, akaangalia sakafu, akaenda akaleta mkoba.

Nilipaswa kumwambia yule mtu kitu wakati huo. Nilikuwa nalo neno, la kumwomba radhi kwa ile ya zizi, si gumu hata, lakini nilishika habari ya chai, kwamba iletwe chai, kwamba fundi akae tunywe. Akasema anaosha mwiko kwanza. Alienda kwa mfereji akaosha mwiko, akaosha ubao, akavikausha kwa shati lake, akatia kila kitu kwa mfuko, na blanketi juu. Mimi nilikuwa dirishani na kikombe chake. Nilimwona akifunga mfuko kwa kamba, akiangalia nyumba mara moja. Kisha akashika njia ya kando ya mfereji, kati ya migomba, bila haraka, kofia imegeuzwa nyuma. Jumatatu hakuja. Simu yake haikupatikana siku hiyo, wala siku nyingine yoyote, na mistari ya sebuleni haijazibwa.